Hadhira na Mtazamaji: Mpenzi wa Sanaa wa Masoko na Lugha ya Uhakiki wa Maonyesho



Masoko iko kusini-mashariki mwa mji wa Tukuyu, wilayani Rungwe, mwendo wa kilomita zipatazo 15 kutoka mjini. Wageni huifahamu kwa ziwa lake, ambalo ni shimo la volkano lililojaa maji, na kwa masimulizi ya hazina ambayo Wajerumani wanasemekana kuitosa humo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Karibu na ziwa liko jengo la mawe lililokuwa la jeshi la Wajerumani, kisha likawa la askari wa KAR chini ya Waingereza, na baadaye likafanywa mahakama. Kwa mtafiti wa sanaa za maonyesho orodha hiyo inakatisha tamaa. Haitaji ukumbi wa thieta wala jumba la sinema, na opera ni neno ambalo wenyeji wengi wamekutana nalo vitabuni tu, kama walikutana nalo.

Hata hivyo, mtu wa Masoko apendaye kutazama na kusikiliza hakosi pa kwenda. Zipo kwaya za Krismasi na Pasaka, ambazo huimba na pengine kuigiza. Zipo bendi za tarumbeta za makanisa, ngoma za sherehe, mahafali za shule zenye maigizo na ngonjera, na kibanda cha video chenye mabenchi ya mbao. Juu ya yote hayo upo msiba. Mtu wa namna hii ndiye anayehusika na mhadhara huu: si mtunzi, si mwigizaji, si mhakiki mwenye shahada, bali mtu ahudhuriaye. Anapotoka katika onyesho huwa na maoni, na maoni hayo huyasema njiani, kilabuni na kisimani kwa lugha kamili isiyohitaji msaada wa wasomi. Uhakiki wa Kiswahili unamjua mtunzi na unawajua wahusika wa mtunzi. Mtu huyu haujapata kumuuliza kitu.

Maneno na asili zake

Inafaa kuanza na msamiati, kwa kuwa sehemu ya tatizo imo humo. Kiswahili kina maneno mawili makuu ya kumtaja mtu aliye mbele ya onyesho, na mara nyingi hutumiwa kana kwamba ni neno moja. La kwanza ni mtazamaji. Hilo ni wazi: ni mtu atumiaye macho. La pili ni hadhira. Hili limetokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuwapo, na ndugu zake katika Kiswahili ni hudhuria, mahudhurio, hadhara, na hata mhadhara wenyewe unaosomwa hapa. Kwa asili yake, basi, hadhira si watu wanaotazama. Ni watu waliopo. Kipofu ni sehemu ya hadhira. Mwenye kuangalia runinga chumbani kwake, kwa kufuata mzizi, si sehemu yake.

Neno tamasha nalo lina historia ya kupendeza. Limepitia Kiajemi, lakini mzizi wake wa mbali ni wa Kiarabu na maana yake ni kutembea, hasa kutembea pamoja na wengine. Kutoka kutembea pamoja, maana ikahamia kutembea ili kuona mambo, na mwisho ikawa jambo lenyewe linalokwenda kuonwa. Anayekwenda kwa miguu kutoka kijiji kimoja cha Rungwe hadi kingine, usiku, kwa sababu amesikia ngoma, anaitekeleza etimolojia ya neno hili bila kuisoma.

Kinyakyusa, lugha ya mama ya wengi wa wenyeji wa Masoko, kina kitenzi ukukina, ambacho maana yake ni kucheza. Kitenzi cha Kiswahili nacho hubeba mengi, kwani mtu hucheza mpira, hucheza ngoma, na hucheza katika mchezo wa kuigiza. Tamthilia, kwa upande mwingine, ni neno la wasomi. Limetoka katika mzizi wa mfano na mithali, na kwa hiyo lina harufu ya maana iliyofichwa inayosubiri kufichuliwa na mwalimu. Tofauti kati ya mchezo na tamthilia si tofauti ya urasmi pekee. La kwanza linamwalika mtu acheze, la pili linamwalika afasiri.

Msiba

Godfrey na Monica Wilson, wanaanthropolojia wawili, mume na mke, walifanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938. Mwaka 1939 Godfrey alichapisha maelezo marefu kuhusu desturi za mazishi, na Monica akalirudia suala hilo katika kitabu chake cha mwaka 1957 kuhusu matambiko ya ukoo. Maandiko hayo husomwa na wanaanthropolojia kwa ajili ya nadharia zao. Mtu wa sanaa za maonyesho akiyasoma atashangaa, kwa sababu atakuta ndani yake maelezo ya mtazamaji makini sana.

Wilson anaonyesha mazishi yenye sehemu mbili zinazokwenda kwa wakati mmoja. Upande mmoja wanawake wanalia karibu na maiti. Upande mwingine wanaume wanawasili wakiwa na mikuki, ngoma zinapigwa, na wachezaji wanakanyaga ardhi kwa ukali unaofanana na vita. Mwanzoni uchezaji huo ni huzuni na ni heshima kwa marehemu. Saa zinavyopita, sura yake hubadilika. Vicheko vinaingia, vijana wanaanza kutazamana na wasichana, watu wanasifu mavazi na miondoko, na waliokuja wakilia wanaondoka wakizungumza juu ya nani alicheza vizuri. Pengine ugomvi ulizuka kati ya vijana wa vijiji tofauti, na siku ya maziko ikaisha kwa majeraha.

Mgeni wa kutoka Ulaya angeweza kuona hapo ukosefu wa adabu, na wamisionari kadhaa waliona hivyo. Wilson aliona jambo jingine: kwamba mpito kutoka kilio hadi kicheko ulikuwa ndiyo kazi ya uchezaji ule, na kwamba haukuwa ajali. Aristotle alipoandika kuhusu tanzia alisema juu ya kutakaswa kwa hofu na huruma, na wanazuoni wamebishana kwa karne nyingi kuhusu maana yake hasa. Mazishi ya Kinyakyusa hayatatui ubishi huo. Yanachoonyesha ni kwamba mabadiliko ya aina hiyo yanaweza kuonekana kwa macho, yakapimwa kwa saa, na yakatokea bila kuwapo mstari unaowatenga wachezaji na watazamaji. Aliyesimama pembeni sasa huingia uwanjani baadaye. Aliyechoka hutoka akawa mtazamaji. Wote ni hadhira kwa maana ya asili, yaani wamefika.

Katika msiba kufika ndiko kunakohesabiwa kwanza. Asiyefika hujadiliwa kuliko waliofika, na jina lake hukumbukwa. Hili si la Rungwe tu. Mswahili yeyote anajua kwamba kuhudhuria msiba ni wajibu na kwamba udhuru wake lazima uwe mzito. Lakini panapokuwa na wajibu wa kufika, panakuwa pia na haki ya kuhukumu. Mtu aliyetembea saa tatu ana haki ya kusema kwamba kilio kilikuwa kikavu, kwamba mwimbishaji hakuwa na sauti, kwamba msemaji wa ukoo alirefusha. Hapo ndipo uhakiki ulipo, na hauna karatasi.

Kitabu cha mtihani

Kwa muda mrefu kijana wa Rungwe anayefika kidato cha tano na cha sita katika mchepuo wenye Kiswahili alikutana na Kwenye Ukingo wa Thim ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1988. Thim ni neno la Kijaluo lenye maana ya pori au nyika. Tamthilia hiyo ilichota mambo yake kutoka kesi iliyoitikisa Kenya. Wakili S. M. Otieno, Mjaluo, alifariki mwezi Desemba 1986. Mjane wake, Wambui Otieno, Mkikuyu, alitaka kumzika karibu na Nairobi. Ukoo wake wa Umira Kager ukataka azikwe kwao Nyalgunga. Mahakama ya Rufani iliupa ukoo ushindi mwezi Mei 1987, na maiti iliyokuwa imesubiri miezi mitano ikasafirishwa kwenda kuzikwa huko. Katika miezi hiyo umati ulijaa mahakamani, na magazeti yakauza ushahidi wa kila siku kama riwaya ya mfululizo. Mahakama ilikuwa thieta, na taifa zima lilikuwa na maoni kuhusu mashahidi: nani alijibu kwa hekima, nani alijikwaa.

Sasa fikiria mwanafunzi aliyezaliwa karibu na ziwa Masoko, penye mahakama ndani ya jengo la kijeshi, katika jamii ambayo mazishi ndiyo onyesho kubwa kuliko yote. Hakuna msomaji aliyeandaliwa vizuri zaidi kuielewa tamthilia hii. Anajua uzito wa swali la mahali pa kuzikwa. Anajua kwamba mjane anayesimama kinyume cha ukoo mbele ya watu anafanya jambo la kutisha, na anajua hata sauti ambayo watu wangeitoa akifanya hivyo. Shuleni ataulizwa dhamira kuu na ndogondogo, migogoro, ujumbe, falsafa ya mwandishi, na kama jina la kitabu linasadifu yaliyomo. Hataulizwa mjane asimame wapi. Hataulizwa kimya kidumu kwa muda gani kabla ya ukoo kujibu. Na uwezekano mkubwa ni kwamba atafanya mtihani, atafaulu, na atakufa bila kuiona tamthilia hiyo ikichezwa.

Lawama hapa si za walimu, ambao wana madarasa makubwa na mtihani mmoja. Chanzo kimo katika vyuo vikuu. Wakati wa miaka ya 1960 na 1970 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa mahali pa kuchezea michezo: Kinjeketile ya Hussein, ya mwaka 1969, ilijulikana jukwaani, na Penina Muhando pamoja na Amandina Lihamba walikuwa waandishi na watu wa jukwaa kwa wakati mmoja. Wao na wenzao walitoka chuoni wakaenda vijijini, Malya mkoani Mwanza na Msoga mkoani Pwani, ambako katika miaka ya 1980 wanakijiji waliitumia sanaa yao wenyewe kuyajadili matatizo yao. Hiyo ilikuwa njia ya kumwuliza hadhira. Lakini katika vitabu vya uhakiki vilivyoenea shuleni tamthilia ilibaki kuwa riwaya yenye majina ya wahusika pembeni. Mwalimu Nyerere alipotafsiri Juliasi Kaizari, chapa ya kwanza mwaka 1963 na ya pili mwaka 1969, alitupatia katika Kiswahili onyesho la mazishi lenye nguvu kuliko mengi: Mark Antony mbele ya maiti, na umati ambao unabadilika kutoka wasikilizaji kuwa wachoma nyumba. Umati ule ni hadhira ya msibani. Mzee wa Rungwe angeutambua mara moja. 

Kibanda umiza

Kuhusu sinema maneno yanaweza kuwa machache, maana watafiti wengine wameifanya kazi. Laura Fair, katika kitabu chake cha mwaka 2018, ameonyesha jinsi majumba ya sinema ya Zanzibar na ya miji ya bara yalivyokuwa sehemu ya maisha ya mjini, na jinsi filamu za Kihindi zilivyoliza na kufurahisha watu wasiojua Kihindi. Vijijini majumba hayo hayakufika. Kilichofika, miongo ya baadaye, ni kibanda cha video, ambacho watu wenyewe walikiita kibanda umiza, jina linalokiri wazi hali ya mabenchi na joto.

Humo ndimo aliposikika mfasiri wa filamu. Matthias Krings amechunguza sanaa hiyo, hasa kazi ya Derek Gaspar Mukandala aliyejulikana kwa jina la Lufufu, ambaye alirekodi sauti yake juu ya filamu za Hong Kong, India na Marekani, akizisimulia kwa Kiswahili, akiongeza, akipunguza, akiwapa wahusika majina na tabia ambazo mtengenezaji wa filamu hakuzijua. Lufufu alilinganisha kazi yake na kuugeuza wali kuwa pilau. Filamu ilikuwa imeshapikwa. Yeye alitia viungo. Msomi anaweza kulalamika kuhusu uaminifu wa tafsiri. Mtu wa kibandani halalamiki. Kwake filamu isiyo na msimulizi ni kama mgeni aliyeingia nyumbani bila kutambulishwa.

Opera bila jina lake

Opera ni muziki, hadithi, mavazi na ala katika kitu kimoja. Kwa kipimo hicho mpenzi wa sanaa wa Masoko hakuikosa sana. Wamisionari wa Moravian walifungua kituo cha Rungwe mwaka 1891, na kanisa hilo lilikuwa na desturi ya zamani, tangu Herrnhut nchini Ujerumani, ya kupiga ala za shaba kutangaza kifo, kusindikiza maziko, na kuamkia Pasaka makaburini. Tarumbeta hazikuletwa Unyakyusa kama burudani ya ukumbini. Zilikuja zikijua njia ya makaburini, na hilo huenda linaeleza kwa nini zilipata makao haraka katika jamii iliyokuwa tayari inamzika mtu wake kwa mlio wa ngoma.

Mahafali za shule zilikuwa na ngonjera, utanzu uliokuzwa na Mathias Mnyampala, ambaye mkusanyiko wake ulitolewa kwa jina la UKUTA mwaka 1970, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Ngonjera huchosha ikisomwa. Ikisemwa na watoto wawili wenye sare, mmoja akikosea na kuanza upya huku mama yake akiona haya, ni jambo jingine kabisa.

Taarabu ni ya pwani, lakini inapaswa kutajwa kwa sababu ya kutunza. Msikilizaji anaposikia ubeti unaosema neno alilotaka kumwambia jirani yake, huinuka, hutembea hadi mbele, na humpa mwimbaji fedha huku akihakikisha kwamba jirani ameona. Katika hatua zile chache kuna tafsiri ya matini, hukumu ya ubora wake, na matumizi yake katika maisha. Mhakiki wa gazeti huhitaji safu nzima.

Kuanzia mwaka 2016 mji wa Tukuyu uliandaliwa tamasha la ngoma za jadi na taasisi ya Tulia Trust, ambapo vikundi vilicheza mbele ya wageni rasmi na kushindana. Tamasha la namna hiyo lina faida: vijana hujifunza miondoko ambayo wazee walikuwa wameacha kuicheza. Lakini viti vimepangwa, jukwaa limewekwa, na kikundi kina dakika zake. Ngoma ambayo msibani ilihitaji saa nyingi ili kukivusha kilio hadi kwenye kicheko, hapa inaanza moja kwa moja kwenye kicheko. Anayesimama pembeni haingii tena uwanjani.

Lugha ya ladha

Yakikusanywa maneno ambayo watu huyatumia wanapotoka kwenye onyesho, jambo moja hujitokeza. Husemwa kwamba kwaya imenoga, kwamba mchezo umekolea, au kwamba ulikuwa chapwa, au kwamba umepooza. Kunoga, kukolea na uchapwa ni maneno ya mdomo na chungu. Chumvi hukolea, mboga hunoga, chakula kisicho na kiungo ni chapwa. Pilau ya Lufufu ni ya ukoo huohuo. Wahindi wa kale, katika kitabu cha Natyashastra, waliijenga nadharia nzima ya thieta juu ya rasa, neno lenye maana ya utomvu na ladha. Nadharia hiyo hufundishwa vyuoni kwa heshima. Nadharia ya kukolea haijaandikwa, ingawa vifaa vyake vimo midomoni mwa watu.

Mtu akisema kwamba igizo halikukolea, hasemi kwamba lilikuwa baya. Anasema kwamba kila kitu kilikuwamo ila hakikupenya. Akisema lilikuwa chapwa, kuna kitu kilichokosekana tangu jikoni. Akisema limepooza, lilikuwa zuri lakini likacheleweshwa. Hizi ni hukumu tatu tofauti, na tofauti zake ni kali kuliko zile za maneno kama fani na maudhui, ambayo mwanafunzi huyagawa kama mtu agawaye ganda na tunda. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI, tangu chapa yake ya mwaka 1981, inayo maneno ya ladha kama maneno ya chakula. Matumizi yake kwa sanaa yanastahili kuingizwa kwa mifano iliyorekodiwa, na mahali pa kuirekodi si maktabani. Ni njiani, baada ya onyesho, kabla watu hawajaachana njia panda, katika Kiswahili na katika Kinyakyusa kwa pamoja, maana watu huchanganya zote mbili hasa pale wanapokuwa na hakika na wanachosema.

Kazi hiyo ina haraka. Katika misiba mingi ya Tanzania siku hizi yupo mpiga picha za video. Husimama juu ya kiti, hupita mbele ya jeneza, huwaelekezea kamera wanaolia, na wanaolia hujua. Vipaza sauti hutoa nyimbo zilizorekodiwa, na waliofika hukaa kwenye viti vya plastiki wakitazama. Kwa mtazamo wa haraka mtazamaji amemshinda hadhira, tena katika ngome yake ya mwisho. Lakini baada ya wiki kadhaa familia hukaa sebuleni kuitazama ile video, na mara nyingi huipitisha haraka sehemu ya hotuba na hata ya maziko yenyewe. Husimamisha picha pale kamera inapopita kwenye umati, husogea karibu na runinga, na huanza kuhesabu nyuso: nani alikuja, nani hakuja.